Maisha ya Bibi Salme, Binti wa Seyyid Said, na Kaburi Lake

Muhula uliopita mwalimu wetu wa historia alileta darasani kitabu chenye picha kubwa ya Taj Mahal, kaburi la malkia Mumtaz Mahal kule Agra, Bara Hindi. Tulikizunguka kile kitabu kama watu wanaogombea ndoo ya uji. Mwenzangu mmoja akauliza kama na sisi wa Afrika Mashariki tunalo kaburi la malkia au la binti wa mfalme linaloweza kutajwa pamoja na hilo. Mwalimu akacheka, akasema swali hilo ni la kutafutiwa jibu, na kwa kuwa mimi nilikuwa nimekaa dawati la mbele, akanikabidhi mimi. Habari hizi ndizo jibu langu, ingawa silo jibu nililotarajia kulipata.

Kwanza niseme machache juu ya hiyo Taj Mahal, maana bila hiyo nisingefika nilikofika. Mumtaz Mahal alikuwa mke mpendwa wa mfalme Shah Jahan wa ukoo wa Wamughal. Alifariki mwaka 1631 huko Burhanpur, mbali kusini ya Agra, akijifungua mtoto wa 14. Alizikwa hukohuko kwanza, kisha mwili wake ukahamishwa Agra, na mwaka 1632 kazi ya ujenzi ikaanza ukingoni mwa mto Yamuna. Ujenzi wote, pamoja na bustani, msikiti na malango, ulichukua kama miaka 20. Marimari nyeupe ilitoka Makrana, na ndani yake mafundi walichonga maua wakayajaza vito vya rangi. Minara minne iliyo pembeni imeinamishwa nje kidogo kwa makusudi, ili ikitokea tetemeko ianguke mbali na kaburi. Jambo lililonishangaza zaidi ni hili: jengo zima limepangwa kwa ulinganifu, upande wa kulia sawa na wa kushoto, na kaburi la malkia liko katikati kabisa; kitu kimoja tu kilichoharibu ulinganifu huo ni kaburi la Shah Jahan mwenyewe, lililoingizwa kando ya mkewe baada ya yeye kufa mwaka 1666.

Pwani yetu nayo haikukosa makaburi ya fahari. Huko Kaole karibu na Bagamoyo, Kunduchi, na Gedi katika Kenya, yapo makaburi ya Waswahili wa zamani yaliyojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, mengine yakiwa na nguzo ndefu iliyosimama upande mmoja. Mafundi wetu hawakuwa na vito vya kupamba, kwa hiyo walipachika mabakuli na sahani za Kichina katika nguzo na kuta, nazo zikameta juani. Lakini waliolala humo wengi hatujui majina yao, wala kama walikuwa mabwana au mabibi. Mimi nilitafuta mtu ambaye habari zake zinajulikana tangu kuzaliwa hata kufa. Basi nikafika kwa Bibi Salme wa Unguja.

Nilipotangaza bwenini kwamba nitaandika juu yake, ugomvi ukazuka. Mwenzangu mmoja ambaye kwao ni kijiji cha jirani hapa ziwani alisema hatasoma sifa za binti wa jumba lililokula jasho la watumwa, tena watumwa waliotoka huku kwetu. Mwingine akamjibu kuwa mtoto hachagui baba. Taa zikazimwa wakiwa bado wanabishana. Mimi nilinyamaza, lakini maneno ya yule wa kwanza hayakunitoka, na msomaji atayakuta tena mbele.

Bibi Salme alizaliwa tarehe 30 Agosti 1844 katika jumba la Mtoni, pwani ya kaskazini ya mji wa Unguja. Baba yake alikuwa Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Unguja, aliyehamishia baraza lake Unguja na kuwahimiza watu kupanda mikarafuu. Jumba la Mtoni ndilo lililokuwa kongwe katika majumba yake. Lilijengwa kwa matumbawe na chokaa, likawa na vyumba vingi vilivyoongezwa kila haja ilipotokea, hata likafanana na kijiji kuliko nyumba moja. Katikati palikuwa na ua mkubwa ambamo tausi na paa walizurura, na upande wa bahari palikuwa na roshani ambapo Seyyid alipenda kutembea akitazama vyombo vyake vikiingia. Humo waliishi mamia ya watu: wake, masuria, watoto, matowashi na watumwa. Seyyid Said alipofariki aliacha watoto 36 walio hai.

Mama yake Salme aliitwa Jilfidan. Hakuwa Mwarabu, alikuwa Mcherkesi kutoka nchi za milima ya Kaukasi, karibu na Bahari Nyeusi. Alikuwa suria, yaani alinunuliwa. Vita vilipoingia nchini kwao wazazi wake waliuawa, naye akachukuliwa angali mtoto mdogo pamoja na kaka yake na dada yake. Wezi wakagawana watoto wale watatu, kila mmoja akaenda njia yake. Jilfidan alifika kwa Seyyid Said akiwa hajatimiza hata miaka kumi. Alikua humo jumbani, akajifunza kusoma, akawa mama wa binti wa mfalme. Naomba msomaji ayakumbuke haya.

Salme alipokuwa na umri wa miaka kama saba, yeye na mama yake walihamia Beit al Watoro kukaa na Majid, mmoja wa ndugu zake. Hapo akajifunza kupanda farasi na kupiga shabaha, michezo ambayo kwa kawaida ilikuwa ya wavulana. Na hapo ndipo alipofanya jambo linalonifanya nimpende, hata kama mengine yake siyapendi. Wakati ule mabinti wa jumbani walifundishwa kusoma Kurani, lakini kuandika hawakufundishwa, kwa maana watu waliona kuwa mwanamke anayejua kuandika ataleta balaa. Salme akajifundisha mwenyewe kwa siri. Badala ya ubao alitumia mfupa mpana wa bega la ngamia uliokauka na kuwa mweupe, ambao ndio waliotumia watoto wa chuoni. Akawa ananakili herufi za Msahafu moja baada ya moja mpaka mkono ukazoea. Sisi tunaolalamika kuwa kalamu zimekwisha wino kabla ya mtihani, tujitazame.

Mwaka 1856 Seyyid Said alikuwa safarini akirudi kutoka Oman katika merikebu yake Victoria. Tarehe 19 Oktoba akafia baharini, karibu na visiwa vya Shelisheli. Desturi ilikuwa kuutupa maiti baharini, lakini mwanawe Barghash aliyekuwa naye aliuleta mwili mpaka Unguja, akauzika usiku, kimya kimya, katika makaburi ya ukoo kando ya jumba la Beit al Sahel. Yasemekana alitaka kujitwalia kiti kabla watu hawajajua. Hakufaulu, Majid ndiye aliyetawala Unguja, na Oman ikawa ya ndugu yao mwingine, Thuwaini.

Hapa nitasimama kidogo, kwa kuwa swali la mwalimu lilikuwa la makaburi. Baada ya kifo cha Seyyid Said ulianza kujengwa mnara wa kaburi kwa ajili yake mahali hapo alipozikwa. Kuta na nguzo zikainuka, lakini paa halikuwekwa kamwe. Ukoo wa Seyyid ulikuwa wa madhehebu ya Ibadhi, na wanazuoni wao hawakupenda makaburi ya fahari. Waliona kuwa kumjengea maiti jumba ni kukaribia kumwabudu. Basi kazi ikaachwa. Shah Jahan alikuwa mfalme Mwislamu, na Seyyid Said alikuwa mfalme Mwislamu, lakini mmoja alimjengea mkewe kuba la marimari na mwingine mvua inamnyeshea. Sina ujuzi wa dini yao hata niseme nani alifanya vema zaidi. Nasema tu kwamba ile picha ya kuta zisizo na paa niliitazama muda mrefu kuliko niliyoitazama Taj Mahal.

Salme akiwa na miaka 12 alihesabiwa kuwa mtu mzima, akapewa urithi wake wa fedha na shamba. Mwaka 1859 ugonjwa wa kipindupindu ukamchukua mama yake. Mwaka huohuo ndugu wakagawanyika. Barghash alifanya njama za kumpindua Majid, na dada mmoja aliyeitwa Khole, ambaye Salme alimpenda mno, akamvuta Salme upande wa Barghash. Sasa ule ujuzi wa kuandika ukapata kazi ambayo pengine usingepaswa kuipata: msichana wa miaka 15 akawa mwandishi wa njama, akiandika barua kwa wakubwa mbalimbali za kuomba watu na silaha. Nyumba ya Barghash ilizingirwa na askari. Akatoroka akiwa amevaa mavazi ya kike katikati ya dada zake, walinzi wasithubutu kuwafunua nyuso. Lakini Waingereza walimsaidia Majid, na uasi ukavunjika. Barghash akapelekwa Bombay kukaa huko miaka miwili. Majid hakumwadhibu Salme. Naye Salme alipopatana na Majid baadaye, wale wa upande wa Barghash wakamchukia. Hivyo akabaki katikati, hana kwao kamili upande wowote.

Alikaa mashambani, Kizimbani na Bububu, kisha akarudi mjini. Nyumba yake mjini ilikaribiana na ya Mjerumani mmoja kijana, Rudolph Heinrich Ruete, mfanya biashara kutoka Hamburg. Waliweza kuonana kutoka dari hadi dari. Urafiki ukageuka kuwa mapenzi, na mwaka 1866 Salme akawa mja mzito. Binti wa Seyyid, Mwislamu, kuchukua mimba ya Mkristo lilikuwa jambo la kumtoa roho. Usiku wa Agosti mwaka huo, kwa msaada wa mke wa mwakilishi wa Uingereza, alipanda manowari ya Kiingereza iitwayo Highflyer, akaenda Aden. Hakuwa amefika nchi ya kigeni maisha yake yote, wala hakujua lugha yoyote ya Ulaya. Alikuwa bado hajatimiza miaka 22.

Huko Aden alimngoja Ruete kwa miezi mingi. Mtoto wa kiume akazaliwa Desemba 1866. Tarehe 30 Mei 1867 Salme alibatizwa, akapewa jina la Emily, na siku hiyohiyo akaolewa. Wakasafiri kwenda Ujerumani. Yule mtoto mchanga akafa safarini, mwaka huohuo wa 1867.

Mjini Hamburg alizaa watoto watatu: Antonie, Said na Rosalie. Baridi ilimtesa, vyakula vilimshinda, na watu walikuja kumtazama kama mnyama wa ajabu. Lakini alikuwa na mumewe. Agosti 1870 Ruete akaanguka alipokuwa akishuka katika gari la reli lililokokotwa na farasi, akaumia vibaya, akafa baada ya siku chache. Mtoto mdogo, Rosalie, alikuwa na miezi minne. Mwaka huohuo Majid naye alifariki Unguja, na Barghash, ambaye Salme alimwandikia barua zile za njama, akawa mtawala. Ungedhani angekumbuka fadhili. Barghash alikataa kumtambua kwa sababu ameacha dini, na urithi wake ukazuiwa.

Kuanzia hapo maisha yake yalikuwa ya kuhamahama: Dresden, Rudolstadt, Berlin. Akafundisha Kiarabu kwa malipo ili alishe watoto. Mwaka 1875 Barghash alipozuru London, Salme alisafiri mpaka huko akitumaini kuonana na kaka yake ana kwa ana. Waingereza hawakutaka. Walimwahidi kuwa watawatunza watoto wake akikubali kutoonana naye. Akakubali, na ahadi haikutimizwa.

Kisha Wajerumani nao wakamwona kuwa ni mtu wa kufaa. Mwaka 1884 Carl Peters alikuja bara akiandikisha machifu mikataba, na Februari 1885 serikali ya Ujerumani ikatangaza kuwa nchi hizo ziko chini ya ulinzi wake. Barghash akapinga. Agosti 1885 manowari za Kijerumani zikatia nanga mbele ya jumba lake na kuelekeza mizinga, naye Bibi Salme akaletwa Unguja na watoto wake chini ya kivuli cha manowari hizohizo. Ikiwa Barghash angemdhuru, Wajerumani wangekuwa na sababu. Ikiwa angekaidi juu ya bara, madai ya dada yake yangekuwa mzigo mwingine shingoni mwake. Barghash alisalimu amri juu ya bara, na mara ile Wajerumani hawakuwa tena na haja kubwa na Salme. Yeye alishuka pwani, watu wa mjini wakamzunguka njiani kwa furaha, wakamwamkia kwa lugha zake za utoto; lakini ndugu yake hakumfungulia mlango. Alirudi tena mwaka 1888, Barghash alipokwisha kufa, na mara hiyo pia hakupata kitu.

Nilipoyasoma hayo nilielewa kitu ambacho katika masomo yetu hutajwa kwa mistari miwili. Tunaandika katika madaftari kuwa bara ilichukuliwa na Wajerumani (wazee wa huku bado huwaita Wadachi), tunaandika tarehe, tunasonga mbele. Kumbe palikuwa na mwanamke mjane sitahani mwa meli, akitazama nyumba aliyozaliwa, akidhani safari ile ni yake.

Mwaka 1886 alitoa mjini Berlin kitabu cha kumbukumbu za maisha yake, kwa Kijerumani. Kitabu hicho kinahesabiwa kuwa miongoni mwa vya kwanza kabisa vya mwanamke wa Kiarabu kueleza maisha yake mwenyewe na kuyachapisha. Karibu yote tunayoyajua ya ndani ya jumba la Mtoni yametoka humo. Mtoni yenyewe ni magofu sasa. Sehemu kubwa iliteketea kwa moto mwaka 1914. Mfupa wa bega la ngamia umehifadhi mengi kuliko zile kuta.

Baada ya mwaka 1888 hakutaka tena kukaa Ujerumani. Aliishi Jaffa, kisha Beirut kwa miaka mingi, akisikia Kiarabu mitaani kila siku, mpaka mwaka 1914 aliporudi kwa watoto wake. Katika miaka yake ya mwisho Sultani Khalifa bin Harub alimpa pensheni ndogo, na hivyo ukoo ukamtambua baada ya zaidi ya nusu karne. Alifariki Jena, Ujerumani, tarehe 29 Februari 1924, akiwa na umri wa miaka 79. Tarehe hiyo hurudi mara moja tu kila miaka minne, kwa hiyo hata siku ya kumkumbuka ni ya shida kuipata.

Alizikwa Hamburg, katika makaburi ya Ohlsdorf, kwenye eneo la ukoo wa Ruete. Ohlsdorf ni bustani kubwa sana ya makaburi, hekta zaidi ya 380, yenye miti na maziwa madogo na barabara ambazo mabasi hupita. Humo kaburi la Salme si kitu cha kumsimamisha mpita njia: ni jiwe tu kati ya mawe ya wakwe zake, lenye jina lake la Kijerumani. Hakuna kuba wala mnara. Lakini katika vitu vyake ulikutwa mfuko mdogo wa mchanga wa pwani ya Unguja aliokuwa ameuhifadhi, nao ukazikwa pamoja naye.

Hilo ndilo nililotaka kumjibu mwenzangu aliyeuliza juu ya Taj Mahal. Shah Jahan aliweza kuleta marimari, na huyu alileta konzi ya mchanga. Nilifurahi sana nilipolipata wazo hilo. Nikaliandika, nikadhani makala yangu yamekwisha.

Lakini yule mwenzangu wa bwenini alikuwa bado na neno lake, nami nikarudi katika kitabu kuona Bibi Salme alisema nini juu ya utumwa. Ameandika sura nzima. Ndani yake anawatetea wenye watumwa. Anasema kuwa utumwa wa nchi za mashariki haukuwa kama ule wa Marekani, kwamba watumwa wa Unguja walitunzwa vizuri, na kwamba Wazungu waliouharamisha hawakuelewa mambo. Aliyaandika haya akiwa mtu mzima wa miaka zaidi ya 40, miaka 13 baada ya soko la watumwa la Unguja kufungwa kwa mkataba wa Juni 1873. Kwa ajili ya maneno hayo, jina lake lilipopewa uwanja mmoja wa Hamburg mwaka 2019, watu walipinga, na haukupita muda mrefu likaondolewa. Kwa hiyo ule ugomvi wa bwenini kwetu ulikwisha kutokea Hamburg.

Sasa tutazame upande wetu. Ziwa hili tunaloogea kila Jumamosi lilikuwa njia ya watumwa. Kule ng'ambo, Nkhotakota, alikaa Jumbe, mkubwa wa wafanya biashara kutoka pwani, na majahazi yake yalivusha watu mpaka ukingo huu wa mashariki, wakatembezwa kwa miguu mpaka Kilwa, na Kilwa wakapakiwa kwenda Unguja. Livingstone, ambaye milima iliyo nyuma ya shule yetu imeitwa kwa jina lake, aliandika kuwa aliambiwa na Rigby, balozi wa Uingereza, kwamba kutoka nchi za Nyasa peke yake watumwa 19,000 walipita kila mwaka katika forodha ya Unguja. Wakati huo Salme alikuwa msichana wa umri wangu. Waliomchotea maji, waliochuma karafuu katika shamba alilorithi, baadhi yao hapana shaka walizaliwa wakitazama milima hii.

Wakati wa likizo nilimsomea bibi yangu makala haya yote. Bibi hufinyanga vyungu, kama wanawake wengi wa Kikisi, na husikiliza huku mikono ikiendelea na kazi. Nilijua tangu utotoni kuwa katika ukoo wetu kuna jina la kike linalorudiwa kila kizazi, na dada yangu ndiye analo sasa. Siku hiyo bibi alinieleza sababu. Lilikuwa jina la msichana aliyekwenda majini asubuhi, katika siku za bibi wa bibi yake. Chungu chake kilikutwa ufukweni. Ndugu zake walikuwa wamekimbilia milimani usiku ule, na yeye alishuka kwa sababu maji yalikwisha. Hakuna aliyesema alipelekwa Kilwa au wapi. Kaburi hana, ila jina.

Nikamwuliza bibi kama inafaa nimwandike Bibi Salme katika jarida la shule. Hakunijibu hilo. Aliniomba nirudie pale penye mama yake Salme, yule Jilfidan, na vita, na wezi waliogawana watoto. Nikarudia. Bibi akaacha kufinyanga. Akasema huyo Salme basi alilelewa na mtoto wa kuibwa, na akastaajabu kwamba aliweza kulala kifuani kwa mama huyo miaka yote, kisha akaandika vile. Mimi pia nastaajabu. Nimejaribu kumtetea moyoni kwamba mtu huona nyumba aliyozaliwa kuwa ndiyo dunia, na kwamba mama yake mwenyewe huenda hakupenda kuzungumza habari za kule alikotoka. Utetezi huo haunitoshi, lakini sikumfuta. Nimemwacha na kalamu yake, na mchanga wake, na sura yake ile mbaya.

Kisha bibi akauliza wale wengine wawili, kaka na dada wa Jilfidan, waliishia wapi. Nikafungua kitabu tena mbele yake, ingawa nilijua. Nikamwambia kuwa kila mmoja alipakiwa juu ya farasi wake, na Jilfidan hakuwasikia tena.